Dawa Yangu Kinywani mwa Mjukuu Wangu

Kwetu Ukambani, binti wa kwanza wa mwanao wa kiume ni wewe. Hakuna kikao, hakuna kura. Kabla hujamshika mkononi, jina lako lishamkaa. Mwanangu alipopata binti alinipigia simu nikiwa kwenye kibanda changu cha nafaka sokoni Kwa Vonza, akaniambia, "Mwaitu, umezaliwa." Mwaitu ni mama. Nikaangusha ungo wa ndengu, na majirani wa soko wakaniokotea huku wakipiga vigelegele. Tangu siku hiyo nyumba yetu ina watu wawili wa jina moja, la kwanza na la ukoo, herufi kwa herufi. Mwanangu humwita mtoto huyo mwaitu. Akianza kumgombeza hukwama katikati na kucheka, maana nani atamgombeza mamake? Mtoto aliijua siri hiyo mapema na aliitumia vizuri sana.

Naeleza haya mwanzo kwa sababu baadaye nilikuja kuambiwa, na watu waliosoma, kwamba kosa lilianzia hapo.

Mimi nina sukari. Nimekaa nayo kitambo, na dawa zangu nilikuwa nikichukua kwenye kliniki moja ya kibinafsi pale pale sokoni. Mwenye kliniki alikuwa mzee wa kanisa letu. Sikuwa na neno naye. Alinisalimia kwa heshima, akaniuliza habari za mguu na macho, na faili yangu ilinenepa kwenye rafu yake kuliko mimi mwenyewe.

Baada ya mavuno mamoja nilikwenda Kasikeu, upande wa Makueni nilikozaliwa, kumsaidia kaka yangu kupura mbaazi. Nilibeba dawa zangu zote. Huku nyuma mjukuu wangu, wakati huo akiwa gredi ya pili, akapata kikohozi. Mwanangu hufanya kazi Zombe na hurudi nyumbani mwisho wa wiki, kwa hivyo aliyempeleka kliniki ni mke wake.

Yaliyotokea pale tulikuja kuyajua polepole, kipande baada ya kipande. Mpokeaji aliuliza jina, akatoa faili rafuni. Ilikuwa yangu. Daktari akamsikiliza mtoto kifua, akaandika dawa ya kikohozi humo humo, na faili ikaenda kwenye dirisha la dawa. Yule wa dirishani akafungua ukurasa wa dawa zangu za kila mwezi, akahesabu vidonge vyangu vya sukari, akavitia kwenye ile bahasha ndogo ya karatasi na kuandika jina juu yake. Hakuuliza umri. Hakuinua macho aone kwamba mgonjwa aliyesimama mbele yake hafiki hata ukingo wa dirisha. Mke wa mwanangu akauliza atampa vipi, akajibiwa kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula. Akasoma bahasha, akaona jina la mtoto wake, akashukuru. Watu wamewahi kuniuliza mbona hakushuku. Angeshuku nini, jamani? Ulitaka avipeleke vidonge polisi?

Mtoto alimeza cha jioni, akalala bila kumaliza chakula chake. Asubuhi hakuamka. Alikuwa amelowa jasho, macho nusu wazi, kisha degedege likamshika. Mama mtu akatoka nje akipiga kelele. Aliyemsikia ni jirani yetu, Mwislamu ambaye familia yake ilitoka kaskazini mashariki zamani, anayeuza unga na mafuta na mara nyingine mbuzi. Ilikuwa siku ya soko, siku ambayo mwenye duka hawezi hata kwenda msalani, lakini alifunga milango, akawaweka kwenye pikapu yake na kuwakimbiza hospitali mjini Kitui. Mtu huyo nitamwombea mpaka kaburini.

Hospitalini walimdunga mtoto kidole na kukuta sukari karibu haipo mwilini. Wakamtundikia maji ya glukosi na kumuuliza mamake kama kuna mtu nyumbani anayetumia dawa za sukari. Akasema ziko za susu, yaani nyanya, lakini susu amekwenda nazo Kasikeu. Wakamuuliza tena, na tena, kwa ile sauti ya kumshuku mtu. Nilipigiwa simu, nikafika mchana nikamkuta mke wa mwanangu amekaa sakafuni. Akafungua mkoba anionyeshe dawa ya kikohozi aliyopewa mtoto, kama mtu anayejitetea. Nikachungulia ndani ya ile bahasha. Nikatoa zangu kwenye mfuko wangu, nikaweka kimoja kando ya kingine kwenye kiganja.

"Hizi ni zangu," nikasema.

Daktari alivichukua vyote viwili, akavigeuza, kisha akaketi na kuanza kuandika. Mke wa mwanangu aliniangalia kama vile nimezungumza lugha ya ng'ambo. Halafu akaelewa, na sauti iliyomtoka sitaki kuisimulia.

Mtoto aliamka, Mungu asifiwe. Maneno yalimrudia, ingawa sasa huyatoa moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwenye ndengu. Mkono wa kulia haukurudi. Daktari alitueleza kwamba ubongo nao hula sukari, na ukikosa kwa muda mrefu kuna sehemu zake huumia. Huo ndio mkono aliokuwa akiandikia. Alikuwa na mwandiko mzuri mpaka mwalimu wake akaniuliza kama ni mimi ninayemfanyia kazi ya nyumbani. Ningefurahi kusema ndiyo, lakini mwandiko wangu ni wa kuku.

Tulipotoka hospitalini, mwenye kliniki alikuja nyumbani pamoja na mchungaji. Walikuja na unga na sukari, na hiyo sukari niliiangalia tu. Wakaomba, wakalia kidogo. Mzee akasema ajali haina kinga. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba tukubali nasi tulichangia, kwa kuwa watu wawili wa nyumba moja kuwa na jina moja ni kutega mtego. Hapo damu ilinipanda. Nilimwambia Ukambani mzima tuna majina ya nyanya zetu, na yeye mwenyewe anaitwa jina la babu yake, kwa hivyo kama hilo ni kosa basi afunge kliniki afungue kinyozi. Mchungaji akaingilia kati akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikamjibu kwamba hii ndiyo ndwele yenyewe, na haijapita, iko pale imekalia kigoda na mkono umening'inia.

Walitaka mama mtoto atie sahihi kwamba amesamehe na hana dai lolote. Walishaleta kalamu. Nilimwona akinyoosha mkono, maana mke wa mwanangu ni mtu wa imani, na kukataa kusamehe mbele ya mchungaji ni jambo zito kwake. Nikasema kusamehe tumesamehe, hata sasa hivi, tupigeni magoti. Lakini sahihi ni kitu kingine, na hiyo itangoja tumuulize anayejua. Wakaondoka wakiwa wamenuna. Wiki iliyofuata akina mama wa kanisa waliniambia nina moyo mgumu, nikawaambia ni kweli, ndiyo sababu bado unapiga.

Mjini kwetu kila wakili alikuwa anamjua mwenye kliniki, au ana shemeji anayemjua. Kaka yangu wa Kasikeu akatupeleka kwa mmoja wa mji wa Wote, kule Makueni, mwanamke mdogo kuliko mabinti zangu, mwenye sauti ndogo na maswali makali. Nilikwenda nikidhani kazi ni rahisi. Wamekosea, waseme wamekosea, walipe mtoto apate wa kumnyoosha mkono na wa kumsaidia shuleni. Akatuambia kosa peke yake halitoshi. Ni lazima uonyeshe kwamba kliniki ilikuwa na wajibu wa kumtunza mtoto, kwamba haikufanya ambavyo mtu makini wa kazi ile angefanya, na kwamba madhara yametoka hapo, si kwa kikohozi wala kwa jambo jingine. Mtu anaweza kupewa dawa siyo na asidhurike, na mwingine akadhurika bila mtu kukosea. Sheria inataka vyote viwili, na kamba inayoviunganisha.

Njia zenyewe, alisema, ni zaidi ya moja, na kufuata moja hakufungi nyingine. Unaweza kulalamika kwa mabaraza yanayosimamia madaktari na wauza dawa, na hao wanaweza kumwadhibu mtu hata kumsimamisha kazi. Unaweza kuketi chini na upande wa pili na bima yao mkakubaliana fidia. Na kuna mahakama, ambako mtoto hashtaki mwenyewe, mzazi hushtaki kwa niaba yake. Akatuambia tuna haki ya kuomba nakala za matibabu ya mtoto, tuziombe kwa maandishi. Akasema pia kesi hizi zina muda wake, na ukilala sheria haikuamshi. Ile sahihi tuliyokataa akasema tulifanya vizuri kuikataa. Nilimtazama mke wa mwanangu nikitaka anipe sifa zangu, lakini alikuwa anatazama mkono wa mtoto.

Kisha wakili akasema lile neno lililotuletea matata. Alisema anahitaji daktari mwingine, asiyetujua wala asiyeijua kliniki, ampime mtoto na aandike kwamba mkono utabaki hivyo. Kama utapona, fidia ni ya maumivu yaliyokwisha. Kama hautapona, fidia ni ya maisha yote ya mtoto. Mke wa mwanangu alingoja mpaka tukafika nyumbani. Ndipo akaniuliza kama ninaelewa tulichoombwa kufanya: kutafuta mtu mwenye mamlaka atuandikie kwamba mtoto hatapona, halafu tuishike karatasi hiyo kama baraka.

Nilimwelewa kwa sababu najua kanisa letu. Kwetu hungoji kupona ndipo ushuhudie. Unashuhudia kwanza, uponyaji unafuata. Ukisema mimi ni mgonjwa, umempa shetani kiti. Ukisema nimepona, umempa Mungu nafasi ya kutimiza. Mimi mwenyewe nimeshuhudia kwamba sukari imekwisha, huku vidonge viko ndani ya mkoba. Hatuoni kama ni uongo. Ndivyo tunavyoomba.

Basi Jumapili moja, siku chache kabla ya kwenda kwa huyo daktari, mke wa mwanangu alisimama mbele ya kanisa na mtoto. Akaushika ule mkono wa kulia kwa mkono wake, akauinua juu, akasema binti yangu amepona, mkono umerudi, jina la Bwana litukuzwe. Kanisa lote likasimama. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na mtoto alikuwa akitabasamu kule mbele. Vijana walikuwa wameinua simu zao, kama kawaida yao siku hizi. Mwenye kliniki alikuwa amekaa kiti cha mbele, na yeye alipiga makofi kutushinda sote.

Kuanzia siku hiyo mtoto hakuruhusiwa kutumia mkono wa kushoto. Akianza kuukimbilia, mamake humkumbusha kwa upole kwamba tukitumia wa kushoto tunamwambia Mungu hakufanya kitu. Mtoto angeshika kalamu na wa kulia, ikadondoka, akaiokota, ikadondoka. Jioni moja nikashindwa kuvumilia, nikamwambia mke wa mwanangu amwache mtoto, hata Mungu amechoka kutazama. Akaniinamia kwa heshima zote akasema, "Mwaitu, naomba unisaidie kuamini." Sasa mtu akikuambia hivyo utamjibu nini? Nilikwenda kulisha kuku.

Daktari alimpima mtoto, akampa vitu vya kushika na vya kubana, akaandika kwamba nguvu za mkono ule hazitarudi zote. Wakili akawaandikia upande wa pili. Wakajibu kwamba wangependa tuketi kwanza kabla ya mambo ya mahakama, na tuje na mtoto waone hali yake. Tukaenda Wote, mimi, mke wa mwanangu na mtoto; mwanangu hakupata ruhusa kazini. Upande wa pili alikuja mwenye kliniki, ambaye hakututazama machoni, na wakili wa bima, kijana nadhifu mwenye viatu vinavyong'aa. Walimwekea mtoto karatasi na kalamu mezani. Akaishika na wa kulia, kama alivyofunzwa.

Kijana yule hakuwa mkali. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali, kwa maana mimi na ukali tunajuana. Alitupa pole kwanza. Akakubali kwamba faili ilichanganywa, hilo hakulibishania, na nikaona wakili wetu anaandika haraka. Kisha akasema suala lililobaki ni madhara, akatoa simu, akaiegemeza kwenye chupa ya maji ili sote tuone. Nikasikia makofi ya kanisa letu kabla sijaona picha. Nikajiona na mimi mwenyewe nyuma pale, na kitambaa changu cheupe, ninashangilia kama bibi harusi. Nikamwangalia mwenye kliniki. Alikuwa anatazama sakafu. Angalau aibu alikuwa nayo.

Video ilipoisha kijana akamgeukia mke wa mwanangu.

"Mama, samahani kwa swali hili. Ulikuwa unadanganya kule kanisani, au unadanganya hapa?"

Nilifungua mdomo, wakili wetu akaniwekea mkono gotini. Swali halikuwa langu. Mbele ya sheria mimi ni nyanya tu, mzazi ni yeye, na kama angesema mtoto amepona, basi yote yaliyobaki yangekuwa ya kupeana mikono na kwenda nyumbani. Na nilijua kusema hajapona ni nini kwake. Mzee wa kanisa ameketi pale. Habari zingefika madhabahuni kabla sisi hatujafika Kwa Vonza. Nikasikia kalamu ya mtoto ikikwaruza karatasi. Ikadondoka. Mtoto akainama kuitafuta chini ya meza.

"Pale sikuwa ninasema," mke wa mwanangu akajibu. "Nilikuwa ninaomba. Mtoto hajapona. Nimemwomba Mungu na bado hajapona, na kama ni dhambi kulisema, ni yangu, si ya mtoto. Huo mkono ni vile mnavyouona."

Yule kijana aliichukua simu yake kutoka kwenye ile chupa. Alisema atazungumza na watu wa bima na kutuletea jibu, na sauti yake ilikuwa imepungua. Wakaja kuleta jibu, kwa kweli, baada ya safari nyingine kadhaa za kwenda na kurudi, na sasa mtoto ana mtu wa kumfanyisha mazoezi na ada yake haitusumbui tena. Malalamiko tuliyokuwa tumepeleka kwa baraza hatukuyaondoa. Lakini siku ile sikuwa nikiwaza hayo, kwa sababu mtoto alikuwa ametoka chini ya meza na kalamu mkononi, akinivuta kanga.

"Susu, kwani sijapona?"

Nikamwangalia mamake. Mamake akainuka, akazunguka meza, akachuchumaa mbele yake.

"Bado, mwanangu. Na huenda mkono usipone wote."

Nilijiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimeshamnyooshea mikono. Mtoto alishusha pumzi, na mabega yake, ambayo sikuwa nimegundua kwamba yamekazwa, yakateremka. Akasema, moja moja kama kawaida yake, kwamba alijua, lakini aliogopa mama ataaibika kanisani. Halafu akaitazama kalamu.

"Sasa naweza kuandika na huu mwingine?"

"Andika," mamake akamwambia.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nimelia mara nyingi kwa sababu ya mkono ule, lakini siku hiyo nililia kwa sababu ya muda wote ambao mtoto wetu alijifanya mzima ili sisi wakubwa tusivunjike moyo.